Uuguzi, ualimu, meli, hoteli au ufundi: kozi ipi itamrejesha Lamu na ipi itamtoa?

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakishatoka, Amu nzima, yaani mji wetu wa Lamu, huuliza "amepata ngapi?" na baada ya siku mbili "atasomea nini?" Majibu hayabadiliki: udaktari, uhandisi, uanasheria, na kwa aliyeyakosa hayo, "biashara". Kazi yangu ni kuwajazia vijana fomu za KUCCPS za kuomba chuo na za HELB za kuomba mkopo, katika saiba huku mtaa wa Langoni, kwa hivyo majibu hayo yote hupita mikononi mwangu. Nadra sana kumsikia mtu akiuliza mwaka wa kijana utakuwaje akishahitimu: ataishi wapi, pesa zitaingia miezi yote au miezi fulani tu, na nani hasa atakayemwajiri.

Aliyewahi kuuliza vizuri ni mama mmoja aliyekuja na mwanawe, buibui limelowa mvua ya masika. Alisimama nyuma ya kiti akimtazama kijana akibofya. Chaguo la kwanza lilikuwa shahada ya hesabu za bima.

"Mwanangu, mimi haya majina siyajui," akaniambia. "Nambie tu: hii itamrejesha au itamtoa?"

"Itamtoa, mama."

"Haya. Na hiyo ya pili?"

Hakuja kumzuia. Alitaka kujua ajiandae vipi. Tangu siku hiyo nazipanga kozi kwa swali lake, na naongeza mawili yangu: mshahara ni wa miezi 12 au wa msimu, na leseni ya kazi yako inatolewa na nani. Hilo la leseni vijana hulipuuza, kumbe ndilo linaloamua kama cheti chako kitakuruhusu kufanya kazi au kitabaki ukutani.

Nesi na klinikal ofisa

Hizi mbili huchanganywa kwa kuwa mlango wa kuingilia ni mmoja. Zote ni diploma ya miaka 3 katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ambacho kina kampasi hapa Lamu. Zote zinataka wastani wa C pamoja na C katika Baiolojia na lugha, na zote mzazi huzitangaza mtaani kwamba "mwanangu anasomea udaktari". Zinaachana siku ya kuhitimu. Nesi hufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi, akifaulu anapewa leseni. Klinikal ofisa bado ana mwaka 1 wa uanagenzi hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Wakishaingia kazini, klinikal ofisa ndiye anayempima mgonjwa, kutaja ugonjwa na kuandika dawa; nesi ndiye anayebaki na mgonjwa huyo usiku kucha.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenye hospitali kubwa kama King Fahd. Visiwani mambo huenda vingine. Katika zahanati ya kijiji upande wa Pate, nesi ndiye mwenye ufunguo wa mlango. Anaanza na friji ya chanjo, aandike joto lake, ambalo lazima liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Kisha kina mama wa kliniki, kisha watoto wa kikohozi, kisha mvuvi aliyechomwa mwiba na samaki taa. Usiku akiletwa mama ambaye uchungu umemkwama, nesi huyo ndiye anayeamua kama boti iitwe au wasubiri. Na uamuzi wenyewe hautegemei mgonjwa peke yake. Maji yakiwa yamepwa, boti haisogei ufukoni, na Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, hupitika kwa shida, kwa hivyo anapiga hesabu ya mimba na hesabu ya bamvua kwa wakati mmoja. Chuoni hawafundishi hesabu hiyo. Mtoto wa Kizingitini anaijua tangu utotoni, na ndiyo sababu nesi mwenyeji ana thamani ambayo nesi wa kuletwa hana.

Mwajiri wao ni mmoja. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013, wote wawili huajiriwa na kaunti, na kaunti huajiri inapokuwa na bajeti, chuo kiwe kimetoa wahitimu au la. Hazina ya taifa ikichelewesha mgao, mishahara ya kaunti huchelewa. Mwaka 2017 wauguzi wa nchi hii waligoma miezi 5, na madaktari walikuwa ndio kwanza wametoka kwenye mgomo wa siku 100. Kwa hivyo anayeichagua afya kwa kuwa "serikali haina shida ya mshahara" aichague akijua hayo.

Tofauti kubwa ni safari. Leseni ya unesi husafiri. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, na Ghuba huajiri manesi tangu zamani. Atahitaji mtihani wa Kiingereza na mtihani wa baraza la nchi anayokwenda, lakini mlango upo. Ukishampeleka klinikal ofisa Uingereza au Uarabuni, wanamuuliza yeye ni nani, kwa sababu kada hiyo haipo kwao. Kwa upande mwingine, klinikal ofisa mwenye uzoefu hupata leseni ya kliniki yake mwenyewe, na mji kama Mpeketoni au Hindi, ambako watu wanaongezeka, unamfaa sana. Nesi naye anaweza kufungua, ila wagonjwa wengi wanapotafuta "daktari" humkimbilia yule mwingine.

Nikiulizwa na mzazi, jibu langu ni fupi: anayetaka kubaki Lamu na kujitegemea, uklinikal ofisa, anayetaka akiba ya mlango wa nje, uuguzi. Udaktari wenyewe wa miaka 6 nauruka. Mwenye alama za udaktari huwa ameshaamua kabla hajafika kwenye meza yangu.

Mwalimu wa msingi na mwalimu wa sekondari

Ualimu ndiyo kozi ambayo Lamu inaiamini zaidi, hasa kwa mabinti. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, cheti cha P1 cha zamani kimekwisha. Sasa ni diploma ya miaka 3 na wastani wa C. Kwa sekondari ni shahada ya miaka 4, wastani wa C+ na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Chuo kikuu cha umma cha ualimu kilicho karibu ni Pwani, pale Kilifi. Wote wawili leseni yao ni namba ya TSC, tume inayosajili na kuajiri walimu, na wote wawili huanza kwa kusubiri.

Kusubiri huko hakulingani. Wengi wa watoto wetu huchagua Kiswahili na Dini ya Kiislamu, kwa kuwa ndiyo masomo waliyofaulu na ndiyo wanayoyapenda. Siwalaumu. Lakini foleni ya hayo ni ndefu nchi nzima, ilhali pengo liko kwenye Hisabati, Fizikia na Kemia. Kijana mwenye C+ ya Hisabati akienda kusomea Kiswahili na Historia kwa kuwa rafiki yake amechagua hivyo, mimi huondoa mkono kwenye kipanya nikamuuliza mara mbili.

Sekondari ya chini, iliyoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, ilifungua nafasi nyingi kwa mara moja. Wengi waliingia kama walimu wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ukiwa umepanga chumba Mokowe na unamtumia mama pesa, hiyo haikufikishi mbali. Ajira ya kudumu ikija, Lamu ina nyongeza yake: kaunti nzima huhesabiwa kuwa eneo lenye mazingira magumu, na TSC hulipa posho ya hilo. Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni 2014 na yaliyofuata, walimu wengi wa kutoka bara waliomba uhamisho. Shule za Boni na za upande wa Kiunga zinajua maana yake. Kwa mwenyeji aliye tayari kufundisha huko, kazi ipo kabla ya nyingine nyingi.

Ubora wa ualimu kwa Lamu ni kalenda yake. Mshahara ni wa miezi 12, na likizo ya Agosti na ya Desemba huangukia wakati wageni wamejaa. Walimu wengi wana kitu cha pembeni: boti ya kukodisha, vyumba vya wageni, shamba la mnazi huko Hindi. Nesi hana nafasi hiyo. Zamu haijui likizo.

Meli na bandari

Hapa ndipo vijana wengi wa kiume hupotoshwa, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ujenzi wa bandari ya Lamu ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, na gati ya kwanza ikapokea meli tarehe 20 Mei 2021. Sasa zipo gati 3. Katikati ya tarehe hizo mbili, wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kizazi kizima kimekulia kwenye maneno "bandari italeta kazi". Imeleta, ila bandari ya kontena ni kazi ya mashine. Kreni moja na watu wachache wanafanya kilichofanywa zamani na makuli mia. Nafasi zake ni za waendesha mitambo, mafundi wa mitambo hiyo, watu wa forodha, wa usalama na wa hesabu za mizigo. Kozi zake fupi na ndefu ziko Bandari Maritime Academy na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, ambacho kina kampasi hapa Lamu. Mwajiri mkubwa ni mmoja, Mamlaka ya Bandari, na wengine ni mawakala wa mizigo. Faida yake ni kwamba unalala kwako. Hatari yake ni kwamba meli zikipungua, huna pa kwenda ila Mombasa.

Ubaharia wa meli kubwa ni kitu kingine kabisa, ingawa mtaani vyote huitwa "kusomea bahari". Sheria zake hazitungwi Nairobi. Ni mkataba wa kimataifa wa STCW, wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, wa mwaka 1978, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na 2010. Kila anayepanda meli kama mfanyakazi, awe mpishi au nahodha, lazima awe na mafunzo ya msingi: kujiokoa baharini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa kazini na wa meli. Lazima pia awe na cheti cha afya, ambacho muda wake hauzidi miaka 2, na, kwa kazi za kuongoza meli na za mashine, macho yanayotofautisha rangi. Hilo la rangi limewakata vijana wawili watatu ninaowajua baada ya kulipa ada. Kapimwe macho kwanza, ndipo ulipie chuo.

Anayetaka kuwa ofisa wa daraja la meli, pale inapoongozwa, ana mlima mwingine: muda wa baharini. Akiwa kwenye programu iliyoidhinishwa yenye kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, anahitaji angalau miezi 12 melini. Asipokuwa nayo, ni miezi 36. Na nchi yetu haina meli nyingi zake za kumpakia mwanafunzi. Kwa hivyo mtu anaweza kumaliza darasa lote, akakaa na diploma nyumbani akisubiri meli moja tu ya kumchukua. Muulize mkuu wa chuo swali hili hili kabla ya kujisajili: wanafunzi wa mwaka jana walipanda meli gani? Akianza kukuonyesha picha za meli badala ya kujibu, umepata jibu.

Tena jambo hili lishike. Mkataba wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unamkataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama za baharia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Anayekuambia ulete laki moja "ya kuharakisha" anavunja mkataba huo, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi.

Maisha yenyewe ni ya kukatika: miezi kadhaa melini mfululizo, kisha nyumbani, na mabaharia wengi hawalipwi wakiwa nyumbani. Mke wa baharia anajua kupanga pesa za miezi 8 zitoshe 12. Itakutoa, na itakurejesha, na itakutoa tena. Kwa kijana asiyependa kukaa sehemu moja, ni kazi nzuri kuliko zote nilizozitaja. Ila asidhani kwamba kushika usukani wa jahazi tangu ana miaka 10 kutamfupishia njia. Kutamsaidia akili na tumbo melini, cheti hakitahesabu.

Kusimamia hoteli na kupika

Kijana akisema anataka utalii, kwa kawaida ameandika "Usimamizi wa Hoteli". Kwa Lamu mimi huona amechagua upande mwembamba. Hoteli nyingi za hapa ni ndogo, vyumba kumi au pungufu, na anayesimamia mara nyingi ni mwenye hoteli mwenyewe au jamaa yake. Nafasi za umeneja ni chache. Nafasi za mpishi ziko kila nyumba. Nyumba za wageni za Shela hasa zinataka mpishi mmoja hodari anayejua kaa wa nazi na anayejua pia mkate wa Kizungu, na mwenye nyumba akishampata hamwachi. Mpishi wa nyumba ya mtu huweza kulipwa mwaka mzima, wakati mhudumu wa hoteli anategemea sizoni.

Na sizoni ndiyo roho ya kazi hii. Wageni hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, wakarudi Julai na Agosti. Aprili hadi Juni mvua na kusi hufunga milango. Kuna wanaopewa nusu mshahara, na wengine huambiwa tu "tutakupigia". Juu ya hilo, utalii huanguka kwa mambo yasiyokuhusu. Mwaka 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda, nchi zao ziliwaonya wasije. Mwaka 2014 tena. Mwaka 2020 korona. Mhudumu wa mezani hakukosea chochote mara zote tatu.

Malindi ni tofauti kidogo, na vijana wa huku wafikirie kwenda huko kujifunza. Kwa sababu ya Waitaliano waliokaa miaka mingi, mtu anayeongea Kiitaliano Malindi huanza kazi juu ya mwenzake mwenye diploma asiye nacho. Wengi walikiokota kwa masikio, ufukweni na jikoni. Anayekisoma darasani pamoja na upishi amejipa vitu viwili kwa ada moja.

Kuhusu mabinti: wapo wazazi wanaokataa hoteli kwa sababu ya pombe na mavazi ya wageni, na mimi sitawaambia wamekosea. Lakini upishi wa keki na mikate, au jiko la nyumba ya familia, vinaweza kufanyika bila kukanyaga baa. Zungumzeni kazi yenyewe, msilizungumze jina la kozi. Na mpishi akiongeza mafunzo ya msingi ya STCW niliyoyataja, meli za kitalii nazo humpokea.

Kenya Utalii College ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1975, bado ndiyo jina linalofungua milango haraka. Ni ghali ukijumlisha na kukaa Nairobi.

Fundi na mhandisi

Nitaonyesha upendeleo hapa waziwazi.

Simama gatini asubuhi ya saa kumi na mbili na nusu, boti ya Mokowe imejaa, basi la Mombasa linangoja ng'ambo, na mashine inakataa kuwaka. Nahodha anavuta kamba mara ya nne. Abiria wameanza kunong'ona. Kisha anakuja fundi na ndoo yake ya spana, anafungua kifuniko, anatoa plagi, anaipuliza, anaiangalia kwenye mwanga, anairudisha. Anachungulia ile feni ya mpira inayovuta maji ya kupoza mashine, anaikuta imekatika meno kwa mchanga. Ana nyingine mfukoni. Boti inaondoka. Amelipwa papo hapo, na kesho ataitwa na mwingine, kwa kuwa kisiwa hiki huendeshwa na mashine hizo na maji ya chumvi hayazionei huruma. Hana siku ya kukosa kazi, kusi wala kaskazi.

Mhandisi aliyesoma miaka 5 chuo kikuu ana elimu zaidi ya huyo na heshima zaidi. Lazima shahada yake iwe imeidhinishwa na Bodi ya Wahandisi, kisha afanye kazi chini ya wengine angalau miaka 3 kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Lamu waajiri wake ni wa kuhesabu kwa vidole: kaunti, kampuni ya umeme, barabara, bandari. Asipowapata, anakwenda Nairobi. Kwa swali la yule mama, uhandisi unatoa na ufundi unarejesha.

Ila ufundi wa kuegemea uzoefu peke yake unafika mwisho wake. Mashine mpya zina kompyuta ndani, na kuisoma hitilafu kunataka aliyesoma. Anayefunga umeme wa nyumba au wa jua anahitaji leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati. Kwa sola kuna T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa wa mtambo. Asiyekuwa nayo hufanya kazi, akamtafuta mwenye leseni amtilie saini, na mwenye leseni hachukui kidogo. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, huenda kwa madaraja, kutoka la III hadi la I, na aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni anaweza kuifanya. Siku hizi upo pia utaratibu wa kuutambua ujuzi wa namna hiyo na kuupa cheti. Friji na barafu ya samaki, sola, mashine za boti: mwenye cheti cha kimojawapo kati ya hivyo vitatu, Lamu haitamwacha na njaa.

Mengine, kwa haraka

Shahada ya biashara au ya utawala ni nzuri kwa mwenye biashara ya kuirithi au mwenye mpango wa kuifungua. Kwa anayetaka kuajiriwa, ni foleni ndefu kuliko ya Kiswahili na Historia. Sheria ni miaka 4, kisha Kenya School of Law, kisha mtihani. Mawakili wa Lamu ni wachache na kesi za ardhi ni nyingi, kwa hivyo aliye na subira na mfuko ana kazi ya maisha. Kompyuta inaweza kukuacha ukae Amu huku mwajiri wako yuko mbali, mradi umeme na mtandao vikubali, na uwe unajua kitu kimoja kwa undani badala ya "kozi ya IT" ya jumla. Makumbusho na uhifadhi wa mji wa kale, ambao uko kwenye orodha ya UNESCO tangu mwaka 2001, ni kazi inayopendeza, yenye nafasi chache mno.

Mzazi wa mtoto wa Gredi 9 naye asikilize. Sekondari ya juu imeanza Januari 2026, na njia ni tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo. Uuguzi, uhandisi na meli viko kwenye njia ya kwanza. Hukumu ambayo zamani ilingoja kidato cha nne sasa inaanza mapema.

Ada, mkopo na kukagua kabla ya kulipa

Mkopo wa HELB unatozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Asiyelipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi nao huomba, wengi hawajui. Wapo wazee wetu wanaoukataa kwa sababu ya hiyo riba, na kwao njia iliyobaki ni basari ya kaunti, ile ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, na jamaa kuchanga. Kama ni hivyo, diploma ya miaka 3 karibu na nyumbani ina uzito zaidi kuliko shahada ya miaka 5 mbali, hata kama alama zinaruhusu. Hesabu pia nauli, chumba na chakula. Mwanafunzi wa Nairobi hutumia kwa kuishi zaidi ya anavyolipa kwa kusoma.

Kisha kuna vyuo vya vichochoroni vinavyotoa "diploma ya uuguzi" kwa miezi michache. Cheti chake hakikufikishi kwenye mtihani wa baraza, kwa hivyo leseni huipati milele. Kabla ya kulipa hata ada ya fomu, tazama kama chuo kimo kwenye orodha ya anayesimamia kazi hiyo: Baraza la Wauguzi kwa manesi, Bodi ya Wahandisi kwa wahandisi, Mamlaka ya Bahari kwa mabaharia, TVETA kwa vyuo vya ufundi. Orodha hizo ziko kwenye tovuti zao, na hata simu ya kawaida yenye bando dogo inatosha kuzifungua. Kisichokuwa kwenye orodha, mwombe anayekisifu akuandikie kwa mkono kwamba atarudisha pesa. Wengi huacha kusifu hapo hapo.